Joto la Ruaha Mbuyuni si Sababu ya Kuvua Jaketi

Nilinunua vitunguu vya shilingi 3,000 pale Ruaha Mbuyuni, kijiji kilicho kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, nikatoa noti ya 10,000, kisha nikageuka na kuanza kufunga mfuko kwenye keria ya pikipiki bila kusubiri chenji. Mama muuzaji alinifuata mpaka kando ya barabara. "Mwanangu, hela yako hii. Hebu kaa kivulini kwanza, macho yamekuwa mekundu hivyo!" Nilikaa. Nilipojiuliza ni wapi nilipokunywa maji mara ya mwisho, jibu lilikuwa Morogoro, karibu kilomita 200 nyuma, na jaketi nilikuwa nimelivua tangu Mikumi na kulifunga kwenye kiti kwa mpira. Tuta la mwisho kabla ya kijiji sikukumbuka kulivuka, ingawa ni lazima nililivuka.

Tangu siku hiyo sikubaliani na wenzangu wanaozungumzia mavazi ya kujikinga kana kwamba ni jambo moja, na maji kana kwamba ni jambo jingine. Anayevaa vizuri bila kupanga maji atashindwa na joto njiani na kuvua, na kwa kawaida huvua mahali pabaya kabisa, wakati akili imeshaanza kuchoka na uamuzi wake hauaminiki. Kwa hiyo ninaponunua jaketi najiuliza swali moja kabla ya lile la bei: je, nitaweza kubaki nalo mwilini saa nane mchana?

Kinachotudanganya ni upepo. Ngozi ya binadamu ina joto la nyuzi 35 hivi, na hewa ikiwa chini ya hapo upepo wa safari hukupoza, lakini ikizidi hapo, kama inavyoweza kutokea mchana wa Oktoba au Novemba katika bonde lile la mibuyu, upepo huohuo unakuongezea joto, na kinachobaki kukupoza ni jasho peke yake. Jasho nalo, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa katika hewa kavu, hukauka kabla hujalihisi, hata ukafika na fulana kavu yenye mistari myeupe ya chumvi mgongoni, ukiamini kwamba hukutoka jasho. Aliyevaa shati jepesi lililofunguliwa vifungo hupoteza maji haraka kuliko aliyefunikwa.

Kati ya Dar es Salaam na Chalinze hali ni tofauti, kwa sababu hewa ya mwambao imejaa unyevu na jasho halikauki upesi. Huko nafungua kila tundu la jaketi ili upepo upite kwa wingi. Nikishapita Mikumi nafunga baadhi ya matundu na kulowesha fulana ya pamba iliyo ndani, ikauke polepole chini ya jaketi. Ndiyo maana napendelea jaketi la wavu mgumu lenye bitana ya kutoa na kurudisha, kuliko ngozi nzito tunayoiona kwenye picha za waendeshaji wa Ulaya. Ngozi ni kinga bora dhidi ya msuguano wa lami, sibishi, lakini jaketi bora lililofungwa nyuma ya kiti halimkingi mtu.

Wengi wetu hununua mitumba, na mimi nimepata jaketi zuri kwa njia hiyo, ila lazima ulikague. Toa pedi za mabega na viwiko uziangalie: zilizopimwa kwa kiwango cha Ulaya huandikwa EN 1621-1 pamoja na daraja, 1 au 2, na zilizozeeka hugeuka kuwa unga ukizibinya. Kwenye mfuko wa mgongoni mara nyingi utakuta kipande cha sponji tu, ambacho hakikingi chochote. Kisha ukae juu ya pikipiki, ushike usukani, na umwombe mwenzako aizungushe ile pedi ya kiwiko. Ikihama kwa mkono wa mtu, itahama pia ukiburuzika. Waendesha bodaboda wana desturi ya kuvaa jaketi kinyumenyume, zipu ikiwa mgongoni, ili kifua kisipigwe na baridi ya alfajiri. Siwacheki, kwa kuwa baridi wanaizuia kweli, lakini nailoni ile haina pedi hata moja, na nailoni nyepesi ikisuguliwa na lami huyeyuka juu ya ngozi.

Kuhusu helmeti tuna ugonjwa wa kuivaa kwa ajili ya trafiki. Sharti hili asili yake ni hospitali. Daktari wa upasuaji wa ubongo Hugh Cairns, aliyekuwa miongoni mwa waliomhudumia T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi maarufu wa Uingereza, baada ya ajali ya pikipiki iliyomuua mwaka 1935, alichapisha uchunguzi wake kuhusu majeraha ya vichwa vya waendeshaji mwaka 1941, na mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawaamuru wapanda pikipiki wake kuvaa helmeti wakiwa kazini. Kinachookoa ni ile povu nyeupe ya ndani, inayofanana na ya maboksi ya kuhifadhia barafu, ambayo hukubali kupondeka ili ubongo usimamishwe ghafla. Hupondeka mara moja tu. Ndiyo sababu siwezi kununua helmeti ya mtumba hata ing'ae namna gani.

Kwenye mkanda wa kidevu tafuta lebo yenye herufi E ndani ya duara, alama ya kwamba imepimwa na kuidhinishwa, na namba ya idhini inayoanza na 05 au 06. Herufi P baada ya namba hiyo maana yake sehemu ya kidevu nayo imepimwa. Kisha ivae, funga mkanda, na ujaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni kuelekea mbele. Ikitoka, hiyo si saizi yako. Helmeti inayokaa sawasawa huyasukuma mashavu kidogo, na wauzaji wengi watakuambia kwamba inakubana.

Glavu na buti zinazofunika vifundo sitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa kila aliyeanguka anajua kwamba mikono ndiyo hutangulia, na kandambili hazihitaji hoja.

Nirudi kwenye maji. Mtu wa kilo 70 akipungukiwa na lita moja na nusu hivi amepoteza takriban asilimia 2 ya uzito wake, na hapo umakini huanza kushuka. Kwenye joto kali kiasi hicho kinaweza kutoka ndani ya saa mbili. Mimi hunywa nusu lita kabla ya kuwasha pikipiki, kisha mafunda kadhaa kila nusu saa kwa mrija wa mfuko wa maji ulio mgongoni. Chupa ngumu siibebi mgongoni, kwa sababu sitaki kuiangukia. Safari ikizidi saa tatu naongeza chumvi, ama pakiti ya ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) kwa vipimo vyake, ama lita moja ya maji salama yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Madafu nayapenda, lakini yana chumvi kidogo kuliko tunavyodhani. Wapo wanaokwepa maji kwa kuogopa kutafuta choo njiani, na kweli zile kilomita 50 za barabara ndani ya Hifadhi ya Mikumi si mahali pa kushuka, kwa hiyo mimi humaliza haja zangu Doma, kabla ya kuingia hifadhini.

Baada ya Mbuyuni barabara hupanda mlima Kitonga, na kufikia Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ile fulana iliyolowa imegeuka adui. Naibadilisha na kurudisha bitana kabla ya kuanza kupanda. Baridi hiyo huondoa hamu ya maji wakati mwili bado unayadai, hivyo nikifika siisikilizi kiu. Naangalia rangi ya mkojo, na ikiwa kama chai ya rangi naendelea kunywa taratibu hadi ipauke, hata kama mwenyeji ameshaandaa chakula na ananiuliza mbona najaza tumbo kwa maji.