Kabichi Ndani ya Chandarua

Hapa Bombo, Uganda, mvua za Machi zikianza kunukia tu, kila mtu ni mkulima. Mimi nilikuwa na miche ya kabichi, aina ya Copenhagen Market, niliyoisia kitaluni Februari. Udongo ulipolainika nikaihamishia nyuma ya nyumba: futi mbili mche hadi mche, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, maji jioni. Hata afande mstaafu tunayepakana ua, ambaye hasifu kitu, aliitikia kwa kichwa mara moja.

Kisha wakaja nondo. Wadogo, wa kijivu, wanaruka chinichini jua likizama, na mgongoni wana vialama vya almasi kama mabibi harusi. Mwenye duka la pembejeo akanitajia bei ya dawa, nikaona heri nitumie akili. Akili yenyewe ilikuwa inaning'inia juu ya kitanda changu: neti mpya, ya bure, tuliyogawiwa mtaani.

"Baba Asha, na mbu je?" mke wangu akauliza.

Nikamwambia mbu hawali kabichi.

Nikachomeka vijiti, nikafunika tuta zima, kingo nikazikandamiza kwa mawe. Asubuhi afande akaja uani, akapiga saluti. "Wagonjwa wameamkaje?"

Kumbe mayai yalikuwa yameshatagwa chini ya majani kabla sijafunika. Viwavi wakaanguliwa humo humo, ndege hawafiki, nyigu hawafiki. Wakala jani upande wa chini, wakaacha kingozi chembamba cha kupitisha mwanga. Ukigusa mche, wanajiachia na uzi wao, wanabembea kidogo, halafu wanapanda kumalizia sahani. Wakati huo mimi nimejikunyata mkekani, blanketi mbili, malaria inanitetemesha hadi meno.

Siku hiyo hiyo ndiyo mama wa afya wa kijiji akaja na daftari kukagua neti, ameongozana na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Kitandani patupu. Mke wangu, Mungu amsamehe, hakusema neno. Alinyoosha kidole bustanini.

Nikajikokota nyuma yao na blanketi langu. Mama yule akainama, akachungulia ndani, akachungulia tena. Mwenyekiti akajifanya anaangalia mawingu. Mwishowe daftari likafunguliwa, na sauti ikatoka ya kikazi kabisa:

"Wanaolala humu ni wangapi?"

Afande akadakia kutoka ng'ambo ya ua: "Andika mia mbili, mama! Na hakuna hata mmoja mwenye homa!"