Mnara, kilima na kivuli chake Arizona

Fungua programu ya ramani, ipe data ya miinuko ya kusini mwa Arizona, kisha simamisha mnara wa mita 40, wenye kamera ya kulinda mpaka wa Marekani na Mexico, juu ya kilima kimoja. Baada ya muda mfupi ramani inagawanyika: kijani ni pale kamera itakapoona, kijivu ni pale mlima utakapoiziba. Usogeze mnara mita 200 tu, na bonde zima linaweza kugeuka kijani. Kazi hiyo kwa miguu, juani, ingekula siku nyingi.

Faida hiyo haipuuziki. Marekani imewahi kuungua vidole mpakani hapo: mradi wa minara ya kamera na rada ulioitwa SBInet, aliokabidhiwa Boeing mwaka 2006, ulifutwa Januari 2011 baada ya kula takriban dola bilioni 1 na kufunika kilomita 85 hivi za mpaka na Mexico. Ramani isingetibu kila ugonjwa wa mradi ule, maana rada zake zilihangaishwa hata na mvua. Lakini ukichagua vilima vizuri, unahitaji minara michache na barabara chache za kuifikia. Kwa Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ambao mpaka umeikata ardhi ya mababu zao vipande viwili, hilo si jambo dogo. Baraza lao liliridhia minara mwaka 2019, na wapo miongoni mwao waliopinga, kwa kuwa kamera inayotazama mpaka hutazama na ua wa mtu.

Upande wa pili una matatizo mawili. La kwanza ni la kiufundi. Data ya miinuko inayotumika sana, iliyokusanywa na chombo cha anga Endeavour mwaka 2000, ina visanduku vya mita 30, kila kimoja kikiwa na kimo kimoja tu. Korongo la upana wa mita nne, lililochimbwa na mafuriko, linamezwa humo. Mtu atapita ndani yake bila kuonekana, huku ramani ikisema pale ni kijani. Hilo linarekebishika kwa vipimo vya leza kutoka kwenye ndege.

La pili ndilo linaloniuma. Mwaka 2019 watafiti Geoffrey Boyce, Samuel Chambers na Sarah Launius walipiga hesabu hiyohiyo ya mwonekano, wakaongeza juu yake mahali mabaki ya wahamiaji yalipokutwa. Walibaini kwamba minara ya SBInet ilipokuja, vifo vilihama kuelekea maeneo isiyoyaona, kwenye njia ngumu zaidi. Watetezi wa minara hujibu kuwa kamera humwona pia aliyeanguka, na helikopta ikamfuata. Ni kweli, na jibu hilo lina uzito. Ila aliyeanguka kwenye kijivu hana wa kumwona.

Kwa hiyo sipingi ramani hizi. Ninachokataa ni mpangaji kuihesabu kijivu kuwa pengo la kuzibwa na mnara ujao basi, ilhali ndiko atakakokuwa amewasukuma watu. Afadhali ianzie huko mipango ya maji na uokoaji. Shirika la Humane Borders huweka mapipa ya maji jangwani chini ya bendera za bluu na, pamoja na ofisi ya uchunguzi wa vifo ya Kaunti ya Pima, huchapisha ramani ya vifo iliyo wazi kwa yeyote. Kuilaza juu ya ramani ya minara ni kazi ya mchana mmoja. Kila kitone hapo ni mtu aliyekutwa: wengine wana majina, wengine hawajatambuliwa hadi leo.