Orodha kunjuzi: kosa lililopigwa pasi

"Mzee, Terego haipo humu. Niweke nini?"

"Weka Arua. Si ni kulekule?"

Hayo tuliyasemezana mwaka 2021, mimi na karani wa ghala la nafaka ninalolifanyia hesabu hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, dada wa mtaa wa Oli anayeandika haraka kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ulikuwa msimu wa maharage, foleni imefika getini, na mimi sikuinua hata kichwa. Jedwali lile la Excel nililitengeneza mwenyewe. Kwenye safu ya wilaya niliweka orodha kunjuzi, yaani ule mshale mdogo ambao ukiubofya unakushushia majina uchague moja, kisha nikafunga: jina lisilomo halipiti. Nilijiona fundi.

Anayetetea kufunga seli, yaani visanduku vya jedwali, ana hoja nzito, na simnyimi. Nchi hii ina Luweero na Luwero, Ssembabule na Sembabule, na ulimi mmoja ukisema Lwengo mwingine unasema Rwengo. Kwa mtu ni mahali pamoja. Kwa fomula ni wilaya mbili. Kibaya zaidi ni nafasi tupu inayoachwa mwishoni mwa neno. Jicho haliioni, lakini fomula ya SUMIF ikitumwa kujumlisha "Nambale", aina ya maharage, itaruka kila "Nambale" yenye nafasi nyuma yake, tena kimyakimya. Ghalani kwetu mama mmoja alileta magunia matatu ya Nambale akahesabiwa mawili kwa sababu hiyohiyo, akarudi na risiti mkononi na maneno ambayo sitayaandika hapa. Ndiyo maana nilifunga. Na kwa mambo ya amelipwa au hajalipwa, taslimu au kwa simu, bado ninafunga hadi leo bila kuuliza mtu.

Lakini wilaya za Uganda si jambo la ndiyo na hapana. Mwaka 1986 zilikuwa 33. Mwaka 2010 zikafika 111, ukiacha Kampala. Tangu Julai 2020 ni 135, Kampala kando, na majiji mapya yakaanza kuzaliwa mwezi huohuo, Arua likiwa mojawapo. Orodha yangu niliinakili kutoka faili la zamani lenye majina 112. Haikuwa na Madi-Okollo, iliyotoka Arua mwaka 2019, wala Terego, iliyotoka mwaka uliofuata. Terego yenyewe ina historia ya kuzungushwa: mwaka 2006 iliunganishwa na Maracha kwenye karatasi, makao makuu yakagombaniwa, ikabaki Arua, mpaka ilipopata wilaya yake. Nani wa kuijua habari hiyo kama si karani aliyezaliwa huku? Alijua. Aliniuliza. Nikamjibu vibaya, na seli ikamzuia asiandike alichokijua.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watetezi wa orodha, ambao karibu wote wanazungumza kana kwamba kosa ni la aina moja. Yako mawili. Kosa la seli wazi huja limevaa matambara: Telego, Trego, Terrego, Tereggo. Panga safu kwa alfabeti, yote hayo yanasimama mlangoni yakikutazama. Unayakusanya asubuhi, kufikia saa sita mchana umeyasahihisha, chai haijapoa. Kosa la orodha huja limepigwa pasi. Limeandikwa "Arua", herufi zote sawasawa, limekaa kati ya Arua za kweli, na hakuna fomula duniani itakayokuambia ipi ni Arua na ipi ni Terego iliyokosa mahali pa kukaa. La kwanza linachosha. La pili halitibiki, kwa sababu ule ukweli uliokuwa kichwani mwa karani saa nne asubuhi haukuandikwa popote, na jioni naye ameshausahau.

Nirudie hapo kidogo, maana ndipo watu wanaponiambia nakuza mambo. Tofauti kati ya "Trego" na "Arua" si kwamba moja ni mbaya zaidi kwa macho. Kwa macho ni kinyume kabisa: Trego linaudhi, Arua linapendeza. Mkaguzi akija atanisifu kwa Arua. Tajiri wetu alinisifu. Alichapisha jumla za wilaya kwa misimu mitatu, akaona Arua imejaa pomoni na upande wa Terego hakuna hata kilo, akafungua kituo cha kununulia upande wa Vurra, ambako ndiko Arua iliyobaki iliko. Wakulima wa Terego wakaendelea kupakia maharage kwenye bodaboda hadi mjini kama zamani, na mimi nikaendelea kupeleka ripoti safi. Kama jedwali lingekuwa na Trego arobaini zilizochafuka, mtu yeyote angeuliza.

Kuna na hili la Abim. Excel ikishusha orodha huonyesha majina manane kwa wakati mmoja, mengine uyafuate kwa kuvuta. Ukipanga wilaya zetu kwa alfabeti, manane ya kwanza ni Abim, Adjumani, Agago, Alebtong, Amolatar, Amudat, Amuria na Amuru. Arua ni ya kumi, haionekani. Yumbe, jirani yetu, ni safari. Matoleo ya miaka ya karibuni yanakuruhusu kuandika herufi za mwanzo ili orodha ijichuje, lakini kompyuta ya ghala letu si ya miaka ya karibuni. Basi foleni ikiwa ndefu, kidole kinateleza, na kwa mujibu wa kumbukumbu zetu watu wa Abim, kule Karamoja, wamekuwa wakivuka nusu ya kaskazini kuja kutuuzia debe mbili za karanga. Hakuna mtu angechapa herufi A, b, i, m kwa bahati mbaya.

Atakayesema "basi sasisha orodha yako" amesema kweli, na amesema machache. Orodha ni ya aliyeitengeneza. Dunia iko mbele ya karani. Kati ya siku dunia inapobadilika na siku mtengenezaji anaposasisha kuna wiki, pengine miaka, na muda huo wote seli inamfundisha karani jambo moja: usiulize, chagua lililo karibu. Jambo hili si la maghala tu. Jedwali la Tatu la Katiba yetu lilitaja jamii 56 za wenyeji mwaka 1995, na marekebisho ya 2005 yakazifikisha 65. Hizo tisa hazikuhamia nchini katika miaka hiyo kumi. Walikuwapo. Wamaragoli wa Kiryandongo wamedai kwa miaka kutajwa na wao. Mtu wa namna hiyo akisimama mbele ya fomu yenye orodha, karani ataazima kabila la jirani au ataacha pengo, na kuazima hakuachi alama.

Na hata kama ulinzi, kufuli hili lina ucheshi wake. Linamzuia anayechapa tu. Ukinakili seli kutoka kwingine na kubandika juu yake, maandishi yanaingia na mara nyingi kanuni yenyewe inafutika. Ukiweka kanuni leo, makosa ya jana hayaguswi. Kwa hiyo anayebandika mistari mia kwa mpigo anapita, na anayechapa Terego kwa mkono, akijua anachokisema, anaambiwa hapana.

Nilichofanya mwishowe ni kidogo sana hata naona haya kukiita suluhisho. Katika dirisha hilohilo la uthibitishaji wa data, Excel ina viwango vitatu vya kukemea: kuzuia kabisa, kuonya, na kutaarifu. Wengi hatufiki hapo kwa kuwa kuzuia ndiko kunakokuja kwenyewe. Nikahamisha safu ya wilaya na ya aina ya maharage kwenye kuonya. Karani akiandika jina lisilomo anaulizwa kama ana hakika, akibofya ndiyo linaingia. Mwisho wa mwezi ninaiagiza Excel izungushie duara jekundu kila kilicho nje ya orodha, tunakaa wawili na soda, yeye ananieleza: hili nilikosea, hili ni jipya, hili wakulima wenyewe ndivyo wanavyoliita.

Mwenzangu anayefanya kazi kama yangu mjini Gulu ananiambia makarani wake wakipewa onyo watabofya ndiyo kwa kila kitu, na jedwali litarudi kuwa jalala. Huenda kwake ni hivyo. Makarani kumi na wawili wanaobadilika kila msimu si karani mmoja aliyekaa miaka sita, na mwenye kumi na wawili sitamlaumu akifunga, mradi aache chaguo la "Nyingine" na nafasi ya maelezo pembeni. Asilokuwa nalo jibu ni nani atakayesoma hayo maelezo. Kwake hakuna anayeyasoma, ameniambia mwenyewe.

Orodha yetu sasa ina Terego na Madi-Okollo, na jiji limetengwa na wilaya. Nilijaribu kurekebisha misimu ile mitatu kwa kutumia vitabu vya risiti. Vina majina na namba za simu, wilaya hamna, kwa sababu wilaya ilikuwa kwenye kompyuta. Karani alikumbuka wateja kumi na mmoja. Mistari mingine yote bado inasema Arua, nimeipaka rangi ya njano, na tajiri ameshaniuliza mara mbili njano hiyo ni ya nini.