Benson Wanjau, mtu aliyekuwa nyuma ya Ojwang'

Utotoni tulikuwa tukienda kutazama runinga kwa jirani, ile ya picha nyeusi na nyeupe inayotumia betri ya gari. Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho, ikianza, hakuna aliyethubutu kukohoa. Mwenye nyumba alikuwa Mjaluo, na kila Mzee Ojwang' aliposema "sida" badala ya "shida" alicheka hadi akatoa leso. "Huyu ni wetu kabisa," alizoea kusema. Miaka mingi baadaye nilimwambia kwamba Ojwang' ni Benson Wanjau, Mkikuyu. Alikataa katakata. Ilibidi binti yake amhakikishie.

Mimi siwezi kumpa mwigizaji sifa kubwa kuliko huko kukataa kwa yule mzee.

Maana kubadilisha "sh" iwe "s" si kazi. Kila mchekeshaji wa baani anaweza, na wengi wakishaipata lafudhi wanaishia kuwakejeli wenyewe wenye lafudhi. Wanjau hakuishia hapo. Ojwang' wake alikuwa mume anayebishana na Mama Kayai (Mary Khavere, naye fundi kwelikweli), anakasirika, anashindwa, anajikokota kurudi, na heshima yake haimtoki. Tulicheka ukaidi wake, ukaidi tuliokuwa tukiuona kwa baba zetu, wa kabila lolote. Nchi hii imewahi kumwaga damu kwa sababu ya majina ya ukoo, nakumbuka vizuri mwanzo wa mwaka 2008, lakini huku kwenye KBC, runinga ya taifa, Mkikuyu mmoja alikuwa amebeba jina la Kijaluo miaka na miaka na pande zote mbili zikampenda.

Jina hilo la kuigiza ndilo lililommeza. Watu waliokua na Vitimbi na Vioja Mahakamani wanamjua Ojwang'. Waulize Wanjau ni nani, wengi watanyamaza. Na nadhani ndiyo maana tunawatunza vibaya waigizaji wa namna hii. Tunadhani hawaigizi, tunadhani ndivyo walivyo, basi tunaona hakuna kazi ya kulipia. Macho yake yalipoharibika uzeeni, ilibidi wasamaria wema wachangishwe ili atibiwe. Alifariki tarehe 12 Julai 2015, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, kwa nimonia, akiwa na miaka 78. Nilisikitika kwa kifo, lakini habari ya ule mchango ndiyo iliyoniuma zaidi. Mtu aliyeingia sebuleni mwetu kwa miongo kadhaa hakustahili kuombewa pesa za matibabu.

Wanamuziki angalau tunawasikia wakidai mirabaha yao redioni kila mwaka. Waigizaji wa runinga nao walipwe kila kipindi chao kinaporudiwa, na wakifa, zilipwe familia zao. Vipande vya Vitimbi vingali vinatazamwa mtandaoni mpaka leo, tena na vijana ambao hawakuwahi kuiona ile runinga ya betri. Nataka kuona jina la Wanjau limeandikwa chini ya kila kimoja, na senti zake zikihesabiwa.