Makarai matano, wateja wale wale

Kwenye kona ya kuingilia mtaa wetu huku Changamwe, Mombasa, palikuwa na mama mmoja wa viazi karai. Leo wako watano. Wateja ni sisi sisi tuliokuwa tukinunua kwa yule wa kwanza, na wengine siku hizi twapita tukitazama upande wa pili, tusije tukaitwa kwa deni.

Hao wanne walioongezeka si wageni. Mmoja alikuwa akiwapikia vibarua wa yadi ya makontena. Mwingine mumewe alikuwa utingo. Mwaka 2019, serikali ilipoamuru shehena za bandarini ziendazo Nairobi na bara zipande SGR, ile reli mpya, malori yalilala na yadi zikapunguza watu. Mimi nilikuwa karani wa tali, wa kuhesabu shehena. Mwajiri wangu aliniambia niende nyumbani, nitapigiwa simu. Nasubiri hadi leo. Amri yenyewe Rais Ruto aliibadilisha Septemba 2022, lakini kazi si maji, kwamba ukifungua mfereji yanarudi.

Miezi miwili baadaye ikaja dawa: Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo midogo. Shilingi 500 hadi 50,000, kwa simu yako, riba asilimia 8 kwa mwaka. Riba sina ugomvi nayo, wakopeshaji wa mtaani hukamua kuliko hapo. Ugomvi wangu ni kwamba mkopo humfaa mwenye wateja aliyekosa mtaji. Kona yetu mitaji imo, wanunuzi ndio hawana kitu. Ukimkopesha wa sita, viazi ni vile vile, umeongeza karai tu. Na deni.

Marekani ilipoanguka miaka ya 1930, hata kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne hana kazi, Rais Roosevelt aliwaandika vijana kazi. Kikosi chao, cha kutunza misitu na ardhi, kiliitwa CCC. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida dola 25 kati ya hizo zilipelekwa kwao nyumbani. Hapo ndipo ninapopapenda. Mama akizipata, ataziweka wapi? Ataenda dukani, na mwenye duka naye aagize unga. Vijana wenyewe walipanda miti kama bilioni 3. Sisemi ilikuwa pepo: wanawake hawakuandikwa, weusi wakatengewa kambi zao, na serikali ilipobana matumizi mwaka 1937, watu wakarudi kukosa kazi kwa mamilioni. Lakini angalau aliyetibu alijua mgonjwa anaumwa wapi.

Nasi tulionja kidogo. Kazi Mtaani, 2020, wakati wa korona: vijana wakizibua mitaro na kufyeka, awamu ya pili shilingi 455 kwa siku. Watu waliicheka, eti serikali inawafundisha vijana kufagia. Mimi nilimwona mama wa viazi akibandika karai la pili siku za malipo, na sikucheka. Programu ikaisha, mitaro ikaziba tena.

Barazani mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, pesa zatoka wapi, na nchi yadaiwa kila pembe?" Swali la haki. Lakini pesa za mikopo nazo si zimetoka serikalini? Na kazi ipo. Mikoko ya hori la Tudor imekatwa hata matope yabaki wazi. Mvua kubwa ikipiga, njia zetu zageuka mito. Mlipe kijana apande mikoko, achimbe mtaro, na sehemu ya mshahara iingie kwenye simu ya mamake. Mzee akacheka, akasema mamake atamrudishia jioni hiyo hiyo. Labda. Hata hivyo itatumika.

Jana mmoja wa wale watano hakuonekana. Nilidhani yuaumwa. Kumbe amehamia kona ya pili, ambako tayari wako watatu.