Mdumange si ngoma ya kumsubirishia mgeni rasmi

Kila panapokuwa na uzinduzi wa mradi au maadhimisho ya kitaifa hapa Tanga mjini, kikundi cha ngoma kutoka Lushoto au Korogwe huitwa kuchangamsha watu huku mgeni rasmi akisubiriwa. Wachezaji hutengewa dakika chache, na msafara ukiwasili mshereheshaji huwakatisha katikati ya wimbo. Hilo lingevumilika. Linalonikera zaidi ni kwamba hata katika dakika hizo watu hutazama viuno na njuga tu, wala hakuna anayejali kinachoimbwa.

Kwa maoni yangu, utamu wa mdumange, ngoma ya Wasambaa wa milima ya Usambara, umo katika maneno yake. Mwimbishaji huanzisha, wenzake huitikia, na kiitikio kikishakolea ndipo naye hupata nafasi ya kupenyeza ya kwake: kumsuta huyu, kumsifu yule, kumchokoza mzee aliyekaa kivulini. Maneno ya namna hiyo hayaandaliwi nyumbani, kwa kuwa hutegemea ni nani amesimama mbele yake siku hiyo, na hayawezi kutoka kabla watu hawajapata joto.

Ngoma zenyewe pia hudai muda. Kule juu penye ukungu na baridi, ngozi hulegea, hivyo sogora huwasha moto wa majani makavu, akaielekezea ngoma uso kwenye moto, akaigonga kwa vidole na kutega sikio mpaka mlio ukaze. Nimewahi kumsikia mshereheshaji mmoja akifoka, kwa kipaza sauti kilichokuwa wazi, kwamba wazee wale wazime moto wao nyuma ya jukwaa kwa sababu unatia moshi kwenye mahema.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wasomi walijivunia kucheza dansi za kigeni ilhali ngoma za kwao hawakuzijua. Tangu hapo mengi yamefanyika, na chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa, kimewafundisha vijana wa kila pembe ngoma ambazo wasingezipata kwao. Naliheshimu hilo. Hata hivyo, anayejifunza hatua za mdumange bila Kisambaa anabaki na nusu ya ngoma, tena ile nusu nyepesi.

Waandaaji wa sherehe zetu wangeweza kuanza na jambo dogo: wakipe kikundi nusu saa baada ya hotuba, si kabla yake, na wampe kipaza sauti Msambaa mmoja awaeleze wasikilizaji kwa Kiswahili nani anasutwa na kwa kosa gani. Hotuba zikifupishwa kidogo, muda huo utapatikana.