Seliaki Si Ugonjwa wa Tumbo Peke Yake

Tangu nigundulike kuwa na seliaki, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mtu akila ngano na nafaka za jamii yake, swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama tumbo linaniuma sana. Wanaouliza wana nia njema, na ninawashukuru, lakini jibu langu huwaacha na mashaka, kwa sababu tumbo langu halikuwahi kuniuma kiasi cha kunipeleka kwa daktari. Kilichonipeleka ni uchovu usiokwisha hata nikilala usiku kucha, moyo kwenda mbio nikipanda ngazi, na upungufu wa damu uliokataa kupona ingawa nilimeza vidonge vya madini ya chuma kwa miaka. Niliambiwa ni hedhi, nikaambiwa ni mawazo mengi, nikaambiwa nizingatie mlo bora. Hakuna aliyefikiria utumbo, kwa kuwa utumbo wenyewe haukuwa umelalamika.

Ninaamini kwamba kinachowachelewesha wagonjwa wengi wa seliaki ni picha moja iliyokaa vichwani mwa watu, wakiwamo baadhi ya wahudumu wa afya: mtu aliyekonda, anayeharisha, mwenye tumbo lililojaa gesi. Wagonjwa wa namna hiyo wapo, na mateso yao ni makubwa. Lakini wapo pia wanaopata choo kigumu badala ya kuharisha, wapo wanene, na wapo ambao hawajisikii chochote kabisa. Maadamu picha hiyo moja ndiyo inayotumika kama kipimo, hao wengine wote wataendelea kutibiwa vipande vipande, damu kwa daktari huyu, ngozi kwa yule, mifupa kwa mwingine, bila mtu wa kuviunganisha.

Kuelewa kwa nini dalili zinatofautiana kiasi hicho, ni lazima kwanza kuelewa ugonjwa unavyofanya kazi. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, nafaka inayofanana na ngano. Tumbo la binadamu haliwezi kuimeng'enya yote, na kwa watu wengi mabaki yake hayana madhara. Kwa mwenye seliaki, mabaki hayo yanapopenya katika ukuta wa utumbo mwembamba, kimeng'enya cha mwili kiitwacho transglutaminesi huyabadilisha kidogo, na mfumo wa kinga huyaona kuwa adui. Kinga ikishaamka haiishii kwenye gluteni, bali huushambulia utumbo wenyewe na kutengeneza kingamwili dhidi ya kimeng'enya kile kile ambacho ni cha mwili. Ukuta wa utumbo wenye afya umejaa vijinyama vyembamba mno vilivyochomoza kama vidole, ambavyo kazi yake ni kufyonza virutubisho. Mashambulizi yakiendelea, vijinyama hivyo hufupika na hatimaye ukuta hubaki bapa. Mtu anaweza kula vizuri kila siku na mwili wake ukaendelea kuwa na njaa ya madini.

Sehemu inayoathirika zaidi ni ile ya mwanzo ya utumbo mwembamba, nayo ndiyo inayofyonza madini ya chuma kwa wingi. Nilipoelezwa hilo, miaka yangu yote ya vidonge ilipata maana: nilikuwa nikimeza dawa ambayo mlango wa kuingilia ulikuwa umeharibika. Kwa hiyo, upungufu wa madini ya chuma usio na sababu inayoeleweka, au unaorudi kila dawa inapokoma, unatosha wenyewe kuwa sababu ya kupima seliaki, hata kama mgonjwa hajataja tumbo hata mara moja. Hapa ndipo ninapokuwa mkali kidogo. Kumwongezea mtu dozi ya vidonge mwaka hadi mwaka bila kuuliza damu inapotelea wapi, au kwa nini haiongezeki, si matibabu ya kutosha.

Na damu ni mlango mmoja tu. Kalsiamu na vitamini D zisipofyonzwa vizuri, mifupa hupungua uimara, na wapo wanaogundua ugonjwa wao baada ya kuvunjika mkono kwa kuanguka kidogo tu. Watoto wanaweza kudumaa au kuchelewa kubalehe bila kuwa na shida yoyote ya choo. Meno ya kudumu yanaweza kuota yakiwa na madoa au mifereji kwenye tabaka lake la nje, kwa sababu tabaka hilo lilitengenezwa wakati mwili ulikuwa tayari unashambuliwa. Vidonda vya mdomoni vinavyorudi kila mara, vipimo vya ini vilivyopanda bila sababu, ugumu wa kushika mimba, mimba zinazoharibika, maumivu ya kichwa, ganzi ya miguu na mikono: haya yote yamo. Kuna hata wagonjwa ambao kinga huathiri sehemu ya nyuma ya ubongo inayosimamia mizani ya mwili, wakaanza kuyumba wanapotembea na watu wakadhani wamelewa.

Ngozi inastahili maelezo ya peke yake, kwa kuwa inaonyesha wazi jinsi ugonjwa huu unavyojificha. Kuna upele wenye malengelenge madogo yanayowasha kupita kiasi, unaotokea hasa kwenye viwiko, magoti na makalio, pande zote mbili za mwili. Mgonjwa hujikuna hadi malengelenge yakapasuka, hivyo anapofika hospitali mara nyingi daktari huona makovu na michubuko tu, na ni rahisi kudhani ni upele wa kawaida. Uthibitisho hupatikana kwa kuchukua kipande kidogo cha ngozi iliyo kando ya upele, ile inayoonekana nzima, ambamo kingamwili za aina ya IgA huonekana zimejikusanya. Kuna dawa iitwayo dapsoni inayotuliza muwasho huo kwa haraka, ila dawa hiyo haigusi utumbo, na tiba ya msingi hubaki ile ile ya kuacha gluteni. Wengi wa wagonjwa hawa hawana malalamiko makubwa ya tumbo, ingawa utumbo wao ukichunguzwa hukutwa na madhara.

Picha ya mtoto mwembamba mwenye tumbo lililovimba ina historia yake. Mwaka 1888, daktari Samuel Gee wa London alieleza ugonjwa huu kwa makini, akisema kwamba huwapata watu wa umri wote lakini hasa watoto wa mwaka 1 hadi 5, na kwamba kama kuna njia ya kupona, njia hiyo ni chakula. Hakujua chakula gani. Aliyelithibitisha hilo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, ambaye alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, njaa ilipoikumba nchi yake wakati wa vita na mkate ukaadimika, iliripotiwa kwamba watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu, kisha wakazidiwa tena mkate uliporejea. Dicke alichapisha utafiti wake mwaka 1950. Ninamheshimu sana daktari huyu kwa sababu aliwasikiliza akina mama na kutazama sahani za watoto kabla ya kutafuta jibu mbali. Lakini wagonjwa waliompa jibu walikuwa watoto waliodhoofika vibaya, na sura zao ndizo zilizobaki katika kumbukumbu za tiba, hali sasa tunafahamu kwamba takriban mtu 1 kati ya 100 duniani ana seliaki na kwamba wengi wao hawajagunduliwa.

Kupima kwenyewe si jambo kubwa. Huanza na kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili dhidi ya transglutaminesi, kikiambatana na kipimo cha kiwango cha IgA mwilini, kwa sababu wapo watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha na kipimo cha kwanza kinaweza kuwapa jibu la uongo kwamba ni wazima. Damu ikionyesha dalili, mtu mzima kwa kawaida hufanyiwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera hupitishwa kinywani hadi mwanzo wa utumbo mwembamba na vipande vidogo vya nyama huchukuliwa vikachunguzwe kwa hadubini. Kwa baadhi ya watoto wenye kingamwili nyingi sana, madaktari wanaweza kuthibitisha kwa damu pekee.

Lipo jambo moja ninalomsihi kila anayejishuku: usiache gluteni kabla ya kupimwa. Siku hizi kuacha ngano kumekuwa mtindo, na mtu akisoma ushauri wa mtandaoni anaweza kuanza kesho asubuhi. Akijisikia nafuu baada ya wiki chache, kingamwili zake zitakuwa zimeanza kushuka na utumbo umeanza kupona, na vipimo vitamwambia hana ugonjwa. Hapo atalazimika kuchagua kati ya kurudia kula gluteni kwa wiki kadhaa ili apimwe, jambo ambalo ni adhabu kwa wengine, au kuishi bila kujua. Na kujua kuna uzito wake, kwa kuwa mwenye seliaki anahitaji uangalizi wa mifupa, wa damu na wa tezi ya thairoidi, na ndugu zake wanahitaji kuambiwa.

Tiba ni moja tu kwa sasa, nayo ni kuishi bila gluteni maisha yote. Mkate, tambi, keki, biskuti na bia ya shayiri ni rahisi kuvitambua. Ugumu upo kwenye sosi ya soya, supu za pakiti, soseji, viungo vilivyochanganywa unga, hata baadhi ya vidonge. Oti safi, isiyochanganyika na ngano shambani wala kiwandani, wengi wetu tunaivumilia, ila wachache haiwafai. Kiwango cha kimataifa kinachotumika kwa bidhaa zinazoandikwa kuwa hazina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kila kilo ya chakula.

Wanaoona kiwango hicho kuwa cha kupita kiasi ningependa walitazame kopo la siagi la familia yoyote inayokula mkate. Kisu huchota siagi, hupakwa juu ya kipande, hurudi kuchota tena, na ukiinamisha kopo kwenye mwanga utaona chembe za mkate zimenasa juu ya siagi, nyingine zimezama. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gramu kadhaa za gluteni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, zikiliwa kwa miezi mitatu, zinatosha kuudhuru utumbo wa mgonjwa. Kwa hiyo ninapoomba kuwa na kopo langu, kijiko changu cha mbao na mafuta ya kukaangia ambayo hayajapitia vitu vya ngano, sina madaha. Nafanya kile ambacho wenye maradhi mengine hufanya kwa kumeza dawa zao kwa wakati.

Neno linaloniumiza kuliko mengine ni “kidogo tu hakitakudhuru.” Husemwa kwa upendo, tena na watu wanaotutakia mema, na ndiyo maana ni gumu kulikataa. Linatokana na ile picha ya tumbo: kama mtu hajashika tumbo lake na kukimbilia msalani, basi hajadhurika. Lakini miili yetu haijibu kwa namna moja. Yuko mwenzangu anayetapika saa chache baada ya kula chembe za ngano bila kujua, akalala kitandani siku nzima. Mimi huenda nisihisi lolote siku hiyo, kisha wiki inayofuata nikapata vidonda vya mdomoni na akili ikawa nzito kiasi kwamba nasoma ukurasa mmoja mara mbili. Kimya cha mwili wangu hakiniambii chochote kuhusu hali ya utumbo wangu, na kwa mtu mzima utumbo unaweza kuchukua miaka kupona hata baada ya dalili kuondoka mapema. Wale wanaoendelea kula gluteni kwa muda mrefu wana hatari zaidi ya mifupa kudhoofika na, kwa nadra, ya aina ya saratani inayoanzia katika utumbo mwembamba.

Seliaki hutembea katika ukoo. Jeni zinazohusika, HLA-DQ2 na HLA-DQ8, wanazo watu wengi ambao hawataugua kamwe, lakini mzazi, mtoto au ndugu wa damu wa mgonjwa ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10 wa kuwa nayo. Kwa sababu hiyo nilimwomba mdogo wangu akapime. Hakuwa na uchovu, hakuwa na upungufu wa damu, alikuwa mzima kwa kila namna tunayoijua ya kumtazama mtu. Kingamwili zake zilikuwa juu, na vipande vya utumbo wake vilionyesha madhara yale yale niliyokuwa nayo mimi.

Kazi yake ni ngumu kuliko yangu. Mimi nilipoacha gluteni nilirudishiwa nguvu zangu, na kila ninapovutiwa na kipande cha keki nakumbuka ngazi zilivyokuwa zikinishinda. Yeye hakurudishiwa chochote anachoweza kukihisi, ila anatakiwa kukataa vyakula vile vile, kuuliza maswali yale yale kila anapoalikwa, na kuwaeleza watu ugonjwa ambao hata yeye hauoni. Tumekubaliana kwamba hatasubiri mwili umwambie. Anarudi kupima damu kama daktari alivyompangia, na katika kipimo cha hivi karibuni kingamwili zake zimeshuka, ingawa bado hazijafika kiwango cha kawaida.